Kupima Eneo la Kuona: Kwa Nini Ubao wa Herufi Hautoshi

Wengi wanaofika kliniki za macho hapa Lamu huamini kwamba aliyesoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini ana macho mazima. Ubao ule hupima jambo moja tu, yaani ukali wa kuona katika sehemu ndogo ya katikati, pale mtu anapokaza macho. Pembeni hauulizi. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma herufi zote, akatia uzi kwenye sindano bila taabu, na huku amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya eneo lake la kuona.

Jicho moja zima, likiwa limetulia kutazama mbele, huona takriban digrii 60 kwenda juu, 60 kuelekea pua, zaidi ya 70 kwenda chini, na 90 au zaidi kuelekea sikio. Ndani ya eneo hilo kila jicho lina doa pofu, kiasi cha digrii 15 upande wa sikio, linalotokana na pale neva ya jicho inapoanzia kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambapo hapana chembe za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alilieleza doa hilo katika karne ya 17. Hatulihisi kwa sababu ubongo hulijaza, na jicho la pili huliziba.

Ubongo hufanya vivyo hivyo ugonjwa unapokula pembe za eneo la kuona, na hapo ndipo hatari ya glakoma, ugonjwa wa neva ya jicho ambao wengi huuita presha ya macho, ilipojificha. Mtoto wa jicho hutia ukungu, basi mgonjwa huja mwenyewe kutafuta tiba; glakoma kwa kawaida haiumi wala haitii ukungu mpaka imefika mbali. Dalili zake katika mji wetu wenye vichochoro vyembamba huonekana kama uzembe: mzee anajigonga goti kwenye baraza aliyoipita miaka yote, anakosa kidato cha ngazi, anashtushwa na punda aliyetokea ubavuni. Nyumbani husemwa ni uzee. Inaweza kuwa uzee kweli, lakini haifai kudhani kabla ya kupima.

Kipimo chepesi kuliko vyote hakihitaji umeme. Mpimaji huketi mkabala na mgonjwa, umbali wa kama mita moja. Mgonjwa akiziba jicho la kushoto, mpimaji hufumba lake la kulia, kisha huonyesha vidole katika kila robo ya eneo na kumtaka mgonjwa aseme ni vingapi, huku wote wawili wakitazamana jicho kwa jicho. Hivyo eneo la mpimaji mwenyewe, mradi ni zima, huwa kipimo cha kulinganishia. Kazi hii yafanyika katika zahanati ndogo sawasawa na katika hospitali kubwa, na huonyesha vyema upungufu mkubwa, kama wa mtu ambaye baada ya kiharusi haoni upande mmoja kwa macho yote mawili. Glakoma changa, hata hivyo, hupita bila kugunduliwa.

Kwa upungufu mdogo hutumika perimeta, yaani mashine ya kupima eneo la kuona. Ile iliyoenea kwa miaka mingi ilibuniwa na Hans Goldmann wa Uswisi mwaka 1945: bakuli jeupe lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, ambamo mpimaji husogeza nukta ya mwanga kutoka pembeni hadi mgonjwa aashirie kwamba ameiona. Perimeta za siku hizi huongozwa na kompyuta. Mwanga hausogei, bali humulika kwa muda mfupi sana mahali mbalimbali, na mgonjwa hubonyeza kitufe kila anapouona. Mpangilio unaotumika sana kwa glakoma una vituo 54 vya kumulika.

Hapa ndipo wagonjwa wengi huvunjika moyo, na si haki yao kuvunjika. Mashine ikiona umebonyeza, hupunguza mwanga mahali pale. Usipobonyeza, huuzidisha, mpaka ijue ni mwanga hafifu kiasi gani unaouona mara moja na kuukosa mara nyingine. Kwa hiyo hata mwenye macho mazima hukosa taa nyingi, takriban nusu yake. Anayebonyeza kwa kubahatisha ili asionekane ameshindwa huharibu majibu yake mwenyewe, na mashine humbaini, kwa kuwa mara kwa mara humulika ndani ya doa pofu: ukibonyeza hapo, huenda umebahatisha au jicho lako limehama.

Kaza macho kwenye alama ya katikati, pepesa kama kawaida, na ukichoka, kwenye mashine nyingi ukishikilia kitufe kipimo husimama. Nenda na miwani yako. Kope iliyolegea huinuliwa kwa plasta, ama sivyo huonekana kama upofu wa upande wa juu. Katika mwezi wa Ramadhani ni bora kuomba miadi ya asubuhi, kwani uchovu wa alasiri hujitokeza kwenye karatasi ya majibu.

Kwenye karatasi hiyo daktari hutazama umbo la upungufu kabla ya ukubwa wake. Upungufu unaokomea kwenye mstari wa mlalo huelekeza kwenye glakoma. Unaokomea kwenye mstari wa wima huelekeza nyuma ya macho, kwenye ubongo au tezi iliyo chini yake. Kipimo cha kwanza mara nyingi hutoka kibaya kwa ugeni tu, hivyo hurudiwa, na kujua kama ugonjwa unasonga huhitaji karatasi kadhaa za miaka tofauti. Zihifadhi zote, na ukipewa rufaa kwenda Mombasa, zichukue.

Ndugu na watoto wa mwenye glakoma wapimwe hata kama hawana dalili. Na aliyeona ghafla mfano wa pazia jeusi likishuka juu ya jicho asingoje miadi ya perimeta. Afike hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda retina imebanduka.