Bwawa la Tope Machimboni: Eneo Kwanza, Kina Baadaye

Masika yanakaribia, na wakulima walio chini ya machimbo ya moramu, kokoto na pozolana (mawe laini ya volkano) wameanza tena kulalamika kwamba mabanio yamejaa tope na mifereji haipitishi maji. Tope la Arusha linaloingia mto Themi au Nduruma, na la Moshi linaloingia Karanga au Weruweru, huishia mto Kikuletwa na hatimaye Nyumba ya Mungu, bwawa linalozalisha umeme. Wachimbaji wengi wana nia njema, na wengi wamechimba kitu wanachokiita bwawa la kutuamisha tope. Tatizo ni kwamba lilichimbwa bila hesabu.

Tuliseme wazi, maana kosa hili tumelirudia mno: kuchimba shimo kwenda chini zaidi hakusafishi maji. Chembe huzama kwa mwendo wake yenyewe. Ikiwa maji yanafika mlango wa kutokea kabla chembe haijazama, itatoka nayo hata shimo liwe na kina cha mita sita. Kinachoamua ni eneo la uso wa maji.

Tuchukue chimbo la hekta 2 lililo wazi, mvua ya milimita 50 kwa saa, na asilimia 60 ya mvua hiyo ikitiririka. Zidisha 0.6 kwa 50 kwa 2, gawanya kwa 360: unapata mita za ujazo 0.167 kwa sekunde. Zidisha kwa 1.2 (ziada ya usalama), kisha gawanya kwa 0.00029, ambayo ni mita kwa sekunde inazozama chembe ya milimita 0.02. Jibu ni takriban mita za mraba 690, yaani bwawa la mita 46 kwa 15. Urefu uwe mara tatu ya upana, maji yaingie ncha moja na kutokea ncha ya pili. Ukiweka mlango wa kuingia karibu na wa kutokea, maji hukata njia ya mkato na nusu ya bwawa haifanyi kazi. Kina cha mita 1.5 kinatosha: sentimita 60 za chini ni za tope, 90 za juu ni za kutuamisha.

Sasa angalia shamba lililo juu ya chimbo. Hekta 4 za migomba zinazotiririsha asilimia 30 tu huleta maji mengine kiasi kile kile, 0.167. Bwawa lako limekuwa dogo kwa nusu, na kwa maji yaliyokuwa safi! Ndiyo maana mfereji wa kukinga maji ya juu huchimbwa kabla ya bwawa, kabla hata kijiko hakijagusa moramu. Uzungushe chimbo, upe mteremko wa asilimia 1 hivi, na mahali penye mteremko mkali panga mawe, la sivyo mfereji wenyewe utageuka korongo. Hakuna shilingi inayotumika vizuri zaidi katika kazi hii yote.

Udongo wa mfinyanzi ni habari nyingine. Chembe ya milimita 0.005 huzama polepole mara 16, na bwawa lingehitaji zaidi ya hekta moja. Hapo hutumika shabu, chumvi ya alumini inayokusanya chembe ili zizame. Yeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji. Kila mililita 1 ya maji hayo ina miligramu 10. Chukua chupa tano za lita moja za maji machafu, tia mililita 2, 4, 6, 8 na 10. Koroga haraka dakika moja, polepole dakika kumi, acha nusu saa. Chagua kipimo kidogo kilichosafisha, na hakikisha pH imebaki kati ya 6.5 na 8.5, kwani shabu huongeza uchachu. Itiwe pale maji yanapovurugika kabla ya kuingia bwawani. Kuimwaga katikati ya bwawa ni kuipoteza.

Tuta la bwawa lishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Mengi hupasuka pembeni mwa bomba la kutolea maji, ambako udongo haukushindiliwa, maji yakajipenyeza. Utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji yanayozidi, ukatwe kwenye ardhi ya asili, si juu ya kifusi, na upangwe mawe. Simika nguzo yenye alama ndani ya bwawa. Tope likifika sentimita 30, litolewe, lisirundikwe kingoni mwa mto. Zungushia uzio, kwa kuwa watoto huzama.

Kutiririsha maji mtoni kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kwa maeneo haya maombi hupelekwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Moshi. Leseni ya madini si kibali hicho, na hoja kwamba "mto huchafuka wenyewe masika" haimwondolei mtu wajibu. Kiwango cha juu cha chembe zinazoelea ni miligramu 100 kwa lita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kama ilivyotungwa mwaka 2004, iliweka faini ya uchafuzi kati ya shilingi milioni 3 na milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Inakataza pia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwa hiyo bwawa lako la tope nalo lisiwe humo. Kwa maombi ya kibali, andaa ramani, hesabu za eneo na mchoro unaoonyesha mfereji wa juu, bwawa, utoro na mahali maji yanapotokea.