Sita hakupenda kwa kunyamaza

Wengi huamini Sita wa Ramayana, utenzi wa kale wa India, ni mke aliyetiliwa shaka, akatupwa motoni, akavumilia kimya. Valmiki, mshairi anayetajwa kuwa mtunzi wake, hakusimulia hivyo. Katika kitabu cha 6, mumewe, Rama, anapomkana baada ya vita vya Lanka, vya kumkomboa kutoka kwa mfalme Ravana aliyemteka, Sita anamjibu hadharani: unasema nami kama mtu duni anavyosema na mwanamke duni! Kisha ni yeye mwenyewe anayemwagiza shemeji yake, Lakshmana, aandae moto. Katika kitabu cha 7, akitakiwa kuapa tena kuwa ni mwaminifu, anaiomba Ardhi, mama yake, impokee, na harudi.

Masimulizi ya baadaye yalipoza uchungu huo. Kwa Tulsidas, mshairi wa India wa karne ya 16, aliyetekwa ni kivuli chake tu. Moto unamrudisha Sita halisi.