Kipimo cha radoni hakiwekwi kabatini

Radoni ni gesi yenye mionzi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Anayesema ameinusa amenusa kitu kingine. Na wanaoamka na maumivu ya kichwa wakidhani ni radoni, tunawasihi waitoe sigiri chumbani leo hii: kaboni monoksidi ya makaa huua kwa usiku mmoja, ilhali radoni hudhuru kwa miaka. Shirika la Afya Duniani huitaja kuwa ya pili, baada ya sigara, kwa kusababisha saratani ya mapafu. Mvutaji sigara hubeba hatari zote mbili.

Gesi hii hutokana na urani, madini yenye mionzi yaliyomo ardhini, hasa penye mawe ya matale kama yale ya Mubende, Uganda. Hata hivyo, jina la wilaya halitoshi kukuambia hali ya nyumba yako, wala matokeo ya jirani hayakuhusu. Pima.

Kipimo cha kawaida ni kikopo kidogo cheusi chenye kipande cha plastiki ndani. Mionzi ya alfa, ambayo radoni huitoa, huacha alama kwenye plastiki hiyo. Maabara huichovya katika dawa kali ili alama zipanuke, kisha huzihesabu kwa hadubini. Kikopo chenyewe hakitoi mionzi, kwa hiyo watoto wasifukuzwe chumbani.

Fungua pakiti siku ile ile unapokiweka, wala si wiki moja kabla. Kiweke chumba cha kulala cha chini, angalau nusu mita juu ya sakafu, sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na dirisha na mlango. Jikoni na bafuni hapafai. Kabatini hapafai kabisa, kwani hewa ya kabati siyo unayoivuta usiku. Kiache miezi mitatu, usikifute wala kukihamisha, na muendelee kuishi kama kawaida. Kipimo cha siku mbili hudanganya: kiwango hupanda usiku madirisha yakifungwa, na mvua ikilowesha ardhi ya nje, gesi hutafuta njia kwenye udongo mkavu ulio chini ya nyumba.

Andika tarehe ya kufungua na ya kufunga. Tunarudia: tarehe zote mbili. Maabara hugawanya hesabu kwa siku, na bila tarehe miezi yako mitatu imepotea.

Matokeo huja kwa bekereli (kizio cha mionzi) kwa mita ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kisizidi 100, na nchi isiyoweza kufikia hapo isivuke 300. Kila nyongeza ya 100 katika wastani wa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 16.

Ukivuka kiwango hicho, anza kwa kuziba nyufa za sakafu na tundu linalobaki kuzunguka bomba la maji, kisha ongeza matundu ya hewa. Saruji pekee mara nyingi haitoshi. Kiwango kikiwa kikubwa, fundi hutoboa sakafu na kupitisha bomba lenye feni linalofyonza gesi hadi juu ya paa. Baada ya matengenezo, pima tena chumba kile kile, miezi mitatu mingine.