Sogea tukae: miezi sita haifanyi ndoa

"Tumeshakaa miezi sita, sisi ni mke na mume." Kwa wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa, utaisikia saluni, kwenye daladala, hata kwa balozi wa nyumba kumi. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, haina miezi sita hiyo. Kifungu cha 160 kinataka miaka 2 au zaidi, tena mkiishi kwa namna ambayo watu wanawajua kuwa ni mume na mke. Ukifichwa chumba cha kupanga miaka 5, ndugu zake hawakujui, hesabu ya miaka peke yake haitoshi.

Na hata miaka ikitimia, sheria haitamki kwamba mmeoana. Inadhani tu. Ndiyo maana wanasheria huiita dhana ya ndoa, na dhana hukanushika. Mwenzako akitoa cheti cha ndoa ya kanisani aliyofunga na mwingine, ndoa ambayo haijavunjwa, dhana yenu imeanguka, maana ile ni ndoa ya mke mmoja.

Hapo sasa wengine huruka upande wa pili: "Kumbe si mke! Chukua begi lako uende." Si kweli hata kidogo. Kifungu hichohicho kinampa mwanamke huyo nafasi ya kudai matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri kama zile za ndoa inapovunjika. Katika shauri la Hemed Tamim na Renata Mashayo, lililoripotiwa 1994, kugawana nyumba waliyoipata wakiishi pamoja kulitajwa kuwa moja ya amri hizo. Na ile kauli ya "wewe ulikuwa unapika tu" ilikatwa makali 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali.

Watoto, kwa kifupi, hawapotezi haki ya matunzo kwa sababu wazazi hawana cheti.

Mtego uko msibani. Mjane mwenye cheti anakiweka mezani. Wa sogea tukae anaanza kusaka mashahidi: jirani, balozi, mwenye nyumba. Shahidi aliyemhitaji zaidi ndiye aliyezikwa, na wale waliokuwa wakimwita wifi kila Krismasi, kwenye kikao cha mirathi sasa wanamwita "yule dada aliyekuwa anakaa na marehemu".