Daftari la "hakuna"

Kaa saa mbili kwenye duka lolote mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na utasikia neno moja mara nyingi kuliko "karibu". Neno lenyewe ni "hakuna". Mteja anauliza, muuzaji anatikisa kichwa, mteja anaondoka, na hapaandikwi kitu. Kazi yangu ni kuwasaidia wenye biashara ndogo kuongeza mauzo, na karibu kila mara naanzia kwenye neno hilo.

Wengi wananiita wakiwa na ombi lilelile: "Mwalimu, tupe wazo jipya." Wanatarajia niwaletee kitu kutoka Kampala, kitu kinachouzika kule Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, ambacho huku hakijafika. Mimi nawauliza: wiki iliyopita, nani aliingia hapa akatoka mikono mitupu, na alikuwa anatafuta nini? Hapo pananyamaza. Daftari la mauzo lipo. La madeni lipo pia, tena limechakaa kwa kufunguliwa. Lakini yule aliyetoka bila kununua hajaandikwa popote, na wazo jipya alikuwa nalo yeye.

Chukua rolex, chakula ambacho kila anayepita mtaa wa Wandegeya, Kampala, usiku anakijua. Chapati ilikuwepo, mayai yalikuwepo, sigiri ilikuwepo. Jipya lilikuwa kuviringisha: mayai ndani ya chapati, mteja anakula huku anatembea. Hata jina limetokana na matamshi ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa. Mwanafunzi mwenye haraka na fedha kidogo hakuhitaji chakula kigeni, alihitaji chakula kilekile kwa namna inayomfaa. Mawazo mengi yanayokuza biashara yana umbo hilo.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya kwenda Vurra alikubali kujaribu. Tulinunua daftari la kurasa 96. Kila mteja akiambiwa "hakuna", kijana wa kaunta aandike tarehe, alichoulizwa kwa maneno ya mteja mwenyewe, na mteja ametoka wapi. Basi.

Wiki ya kwanza ikapita na kurasa ni nyeupe. Nilikaa na yule kijana nyuma ya duka, kwenye mabati, nikamuuliza kwa upole. Alisema, "Nikiandika, Mama ataona nimepoteza mteja." Alikuwa na haki ya kuogopa, maana kila aliposema mteja ameondoka, alikaripiwa. Naliona jambo hili kila mahali, na linaniuma kwa sababu linaziba masikio ya duka zima: aliye karibu na mteja kuliko wote anafundishwa kukaa kimya. Tulikubaliana na Mama kwamba jioni, kabla ya kuhesabu pesa, aulize kwanza, "Leo wameuliza nini?" na jibu lolote lipokewe kwa shukrani. Ilimgharimu siku kadhaa kuzoea. Wiki ya pili daftari lilianza kujaa.

Mwezi ulipoisha tulilisoma pamoja. Mama alikuwa ameamini kwamba wateja wanamkimbia kwa sababu duka la ng'ambo ya barabara lina bidhaa nyingi zaidi. Daftari lilisema vingine. Mara nyingi bidhaa ilikuwepo rafuni, kilichokosekana kilikuwa kipimo. Mtu alitaka waya wa umeme mita tatu, akaambiwa tunauza roli nzima tu. Mwingine alitaka misumari robo kilo, mwingine kopo dogo la rangi kwa ajili ya mlango mmoja. Wengine walitaka huduma: "Mnaweza kunifikishia mzigo mpaka Vurra?" Na mhasibu wa shule moja alitaka kila kitu alichokiona, ila aliuliza kama atapata ankara ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, akaambiwa hakuna, akaondoka.

Halafu kulikuwa na suala la lugha. Wanunuzi kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, wengi wanasema Kilugbara kama sisi, lakini wanaotoka mbali zaidi, Bunia kwa mfano, wanakuja na Kiswahili. Kijana alikuwa akiwajibu kwa Kiingereza, nao wakimshukuru na kuondoka. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini bado wapo wanaokisikia wakakumbuka askari tu, kwa kuwa hapa kilijulikana kama lugha ya jeshi. Mimi nawaambia wafanyabiashara wa huku: kuweka mtu mmoja kaunta anayeweza kusema "Karibu ndugu, umesafiri salama?" na kuendelea mpaka kwenye bei, ni mtaji.

Hatukuanza yote kwa pamoja. Wazo jipya linajaribiwa kwa pesa ambazo zikipotea watoto hawatakosa ada. Mama alifungua roli moja ya waya akaukata kwa mita, akanunua katoni moja ya makopo madogo ya rangi, na akapatana na mwendesha boda mmoja anayemfahamu alipwe kwa kila mzigo anaofikisha. Waya ulikwisha haraka. Rangi ilikaa. Hakununua katoni ya pili, na hilo pia lilikuwa jibu.

Katikati ya majaribio alitaka kupunguza bei ili amshinde jirani. Nilimwomba tufanye hesabu kwanza. Kitasa amekinunua kwa shilingi 32,000, anakiuza 40,000, faida ni 8,000. Akishusha bei kwa asilimia 10, anauza 36,000 na faida inakuwa 4,000. Kwa punguzo linaloonekana dogo, lazima auze vitasa mara mbili ya anavyouza sasa ili abaki palepale alipo, na hapo bado hajalipa usafiri na kodi ya chumba. Waya wa kukata ulikuwa na habari tofauti kabisa: mita moja moja inauzwa kwa bei ya juu kidogo kuliko mita ya ndani ya roli, na mteja anafurahi, kwa sababu hakulazimika kununua asichohitaji.

Yule mhasibu wa shule alituchukua muda mrefu zaidi. Mauzo ya Mama yalikuwa chini ya shilingi milioni 150 kwa mwaka, kwa hiyo hakuwa amelazimika kujisajili kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ile ya asilimia 18. Lakini wateja wakubwa, yaani shule, makandarasi na mashirika, wanataka ankara ya kielektroniki kwa ajili ya hesabu zao. Tulikaa na mtaalamu wa kodi tukapima faida na mzigo wake kabla ya kuamua, na nashauri kila mtu afanye hivyo mapema, wakati mauzo yanapanda, kuliko kusubiri kushtukizwa. Mama aliamua kujisajili. Kisha akampigia mhasibu, kwa sababu daftarini tulikuwa tumeandika jina la shule.

Jumatatu alinipigia simu akanisomea ukurasa wa wiki. Watu wanne wameuliza wavu wa mbu wa madirisha, watatu kati yao kutoka upande wa Kongo, na mmoja ameuliza kama kuna fundi wa kuufunga. Ameagiza roli moja. Fundi anamtafuta.