Kabla hujamwaga mafuta ya alizeti kwa sababu ya homa ya mapafu

Wiki haipiti bila mtu kunieleza, kwa uhakika wa aliyesoma ujumbe mmoja kwenye simu, kwamba mafuta ya aina ya omega-6, kama ya alizeti, huwasha inflamesheni (uvimbe na joto ambavyo mwili huanzisha unapopambana na vijidudu), na yale ya aina ya omega-3, kama ya samaki, huizima, na kwamba kwa hiyo mgonjwa wa influenza au UVIKO-19 aachishwe mafuta ya alizeti na anunuliwe vidonge vya mafuta ya samaki. Nimelijibu jambo hili kwa mdomo vya kutosha. Sasa naliandika, kwa sababu wanaoumia kwa ushauri huu ni wagonjwa wenyewe.

Chanzo cha dhana hii ni biokemia ya kweli iliyosomwa nusu. Asidi ya linoleiki, omega-6 ambayo ndiyo nyingi katika mafuta ya alizeti, mahindi na soya, ni malighafi ya asidi ya arakidoniki, nayo pia omega-6. Arakidoniki hukaa kwenye utando wa seli, na virusi vinaposhambulia njia ya hewa, hukatwa kutoka kwenye utando huo na vimeng'enya viitwavyo COX huigeuza kuwa prostaglandini E2, ile inayopandisha homa na ambayo aspirini huzuia isitengenezwe. Hadi hapo hakuna ubishi. Kosa ni kudhani kwamba ukimimina linoleiki nyingi mwanzoni mwa njia hii, prostaglandini nyingi zitatoka mwishoni. Mwili huudhibiti ubadilishaji huo vikali sana, kiasi kwamba kwa mtu mzima anayekula kawaida, kuongeza au kupunguza linoleiki hakubadilishi sana kiwango cha arakidoniki katika tishu. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliyokusanya majaribio 15 ya watu wenye afya, hayakukuta ushahidi kwamba linoleiki ya chakula hupandisha viashiria vya inflamesheni katika damu.

Linaloniudhi zaidi ni kuifanya arakidoniki kuwa adui. Kutoka katika asidi hiyo hiyo mwili hutengeneza lipoksini, molekuli zilizoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, ambazo huzizuia neutrofili, seli nyeupe za damu zinazofika kwanza vitani, zisiendelee kumiminika kwenye tishu, na huziita makrofaji, seli zinazomeza uchafu, zije kusafisha mabaki. Zaidi ya hapo, prostaglandini E2 yenyewe, ile inayolaumiwa kwa kuanzisha vurugu, ni miongoni mwa ishara zinazozifanya neutrofili ziache kutengeneza leukotrini, molekuli zinazochochea inflamesheni, na zianze kutengeneza lipoksini. Kwa maneno mengine, mwanzo wa inflamesheni ndio unaopanga mwisho wake. Ukikata mwanzo bila kujua unachokata, unaweza kuwa umekata na mwisho. Resolvini na protektini, molekuli zinazotokana na omega-3, hufanya kazi inayofanana na ya lipoksini, nami sizidharau hata kidogo. Ninachokikataa ni kuzigawa asidi za mafuta katika kundi la wema na kundi la waovu.

Halafu kuna suala la wakati, ambalo wauza vidonge hawaligusi kabisa. Inflamesheni ya siku za kwanza ndiyo inayovizuia virusi visienee. Ile inayoendelea baada ya virusi kupungua ndiyo inayoyajaza mapafu maji. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa panya waliolishwa mafuta ya samaki kisha wakaambukizwa influenza. Inflamesheni ya mapafu yao ilipungua kweli, lakini virusi viliongezeka na panya wengi zaidi walikufa kuliko wenzao. Panya si binadamu, najua. Hata hivyo binadamu nao walituonyesha jambo la aina hiyo mwaka 2020, katika jaribio la RECOVERY la Uingereza: deksamethasoni, dawa ya kutuliza inflamesheni, miligramu 6 kwa siku, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, lakini haikuwasaidia wale ambao hawakuhitaji oksijeni, na huenda iliwadhuru. Ikiwa dawa kali kiasi hicho hutegemea siku inayotolewa, sioni kwa nini kidonge cha samaki kipewe heshima ya kufaa siku zote.

Majaribio ya omega-3 yenyewe yanasemaje? Huko Norwei, majira ya baridi ya 2020 na 2021, watu wazima 34,601 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walikunywa mililita 5 za mafuta ya ini la samaki aina ya chewa, yenye omega-3, kila siku, wengine mililita 5 za mafuta ya mahindi, yaani chanzo kizuri cha hiyo omega-6 inayoogopwa. Waliothibitika kupata UVIKO-19 walikuwa asilimia 1.31 kwa waliokunywa mafuta ya chewa na 1.32 kwa waliokunywa ya mahindi. Nchini Marekani, jaribio la wagonjwa waliokuwa mahututi kwa kuharibika mapafu, lililochapishwa mwaka 2011, lilisimamishwa mapema likiwa na wagonjwa 272, kwa kuwa waliopewa omega-3 kwa mpira wa chakula walikuwa na siku chache kuliko wenzao za kupumua bila mashine, ingawa kiwango cha EPA, mojawapo ya omega-3 za samaki, katika damu yao kilikuwa kimepanda mara nane.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa kuwa mashaka yapo. Washiriki wa Norwei wengi walikuwa na afya njema na kipimo chao kilikuwa kidogo. Mchanganyiko wa Marekani ulikuwa na vitu vingine mbali na omega-3, na chakula cha kulinganishia kilikuwa na protini nyingi zaidi, kwa hiyo hatuwezi kuitwika omega-3 lawama yote. Majaribio ya zamani yaliyoisifu nayo yalilinganisha na chakula chenye omega-6 kwa wingi kupita kawaida. Hatima ya jambo hili haijaamuliwa, na anayekuambia limeamuliwa anakuuzia kitu.

Wakati tunasubiri, madhara yanaonekana wodini. Binti mmoja anayemuuguza mama yake aliniuliza, "Shikamoo daktari, nimeambiwa uji wa mama usitiwe mafuta kabisa, ni kweli?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, tia." Mama alikuwa hamalizi hata nusu bakuli, misuli ya kifua inamwisha, na kila pumzi ilikuwa inamgharimu nguvu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya alizeti kina takriban kilokalori 120 na hakiongezi ujazo wa chakula. Kwa mgonjwa anayechoka kutafuna, hilo ni jambo kubwa. Anayetaka omega-3 nyumbani kwake anunue dagaa, awale na vichwa vyao, apate na protini na kalisi humo humo. Fedha ya kopo la vidonge inunulie mayai ya mgonjwa.