Mshikamano unaodaiwa

Neno "mshikamano" tumelizoea kwenye hotuba za Mei Mosi, ndiyo maana wengi hushangaa wakiambiwa ni neno la kisheria. Chukua mshahara wa Kenya. Anayelipwa shilingi 50,000 kwa mwezi hukatwa 1,375 za SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), yaani asilimia 2.75, kwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Wa shilingi 500,000 hukatwa 13,750. Wakiugua, fungu la matibabu wanalostahili ni lilelile. Hakuna aliyeulizwa kama ana moyo wa kutoa. Sadaka unaweza kughairi ukiwa mlangoni. Makato huwezi kuyaghairi, hata ukinung'unika, na wanaonung'unika ni wengi.

Kati ya nchi na nchi kamba hulegea. Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) kuhusu Wakimbizi ulipitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Ibara ya 2, aya ya 3, inakataza kumzuia mpakani mtu anayekimbia hatari. Aya ya 4 inasema nchi iliyoelemewa inaweza kuziomba nyingine msaada, nazo, kwa moyo wa mshikamano wa Kiafrika, zitachukua hatua zinazofaa kuipunguzia mzigo. "Zitachukua", si "zinaweza kuchukua". Ila hatua zipi, na kwa kiasi gani? Kimya.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya takribani saa 24. Machi 1995 Tanzania ikafunga mpaka wake na Burundi. Ililaumiwa, na kwa haki, kwa kuwa aya ya 3 iko wazi. Lakini waliolaumu walikariri aya hiyo wakaruka inayofuata, inayozidai pia nchi nyingine wanachama.

Ulaya walijaribu kuweka hesabu. Mwaka 2015 nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zilipangiwa idadi ya waomba hifadhi wa kuwapokea kutoka Italia na Ugiriki. Hungaria ilipangiwa 1,294. Ikagoma, pamoja na Polandi na Jamhuri ya Czech. Aprili 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba zote tatu zilivunja sheria. Wakati huo mpango wenyewe ulikuwa umeshakwisha muda wake tangu Septemba 2017.